Ng'ombe wa Mahari na Hewa ya Dunia

Jumamosi nilikuwa Butiama, upande wa waoaji, kujadili mahari. Wenye binti walipotaja ng'ombe wanaowataka, msemaji wetu, mwalimu wa sayansi kutoka Musoma, alisimama akafunga kifungo cha koti.

"Wazee wangu, ng'ombe akicheua anatoa gesi yenye kaboni. Inapanda hewani, joto linaongezeka, mvua zinayumba. Tupunguze idadi, tuokoe hewa."

Wazee wakakuna videvu. Nikaona tumeshinda. Shangazi wa binti akaweka kikombe chini taratibu.

"Mwalimu, hiyo kaboni ng'ombe anaitoa wapi?"

"Kwenye majani, mama."

"Na majani?"

"Yanaivuta hewani."

"Kumbe inazungukaga tu, kama ng'ombe wa mahari! Mtakaotuletea, kaka yake binti ataolea hao hao. Sasa hao mnaotaka kuwapunguza, mtawachinja?"

"Hapana, mama. Watabaki kwetu."

"Wakiwa kwenu hawacheuagi?"

Mwalimu akafungua kifungo, akakaa. Ng'ombe tulitoa wote.

Tangu siku hiyo, nikisikia mtu anataka kuiokoa hewa, nauliza kwanza ng'ombe watalala zizi la nani.