Mama Aliyeimba Kinande Kanisani Ngezi

Utasema njaa ya vita ilinichanganya kichwa. Sema tu. Lakini kanisa zima lilimsikia yule mama, na mkono alioushika ni wangu.

Mimi ni Mnande. Wazazi wangu walitoka Butembo kuja kufanya biashara hapa Bunia. Kanisani kwetu, mtaa wa Ngezi, kazi yangu ilikuwa kutafsiri: mtu akiimba Kinande, nasimama kando yake nawapa watu Kiswahili. Mchana ule risasi zilikuwa zimetulia kidogo, tukakusanyika kuomba. Akaingia mama mmoja tusiyemjua. Nje jua kali, lakini kitenge chake kimelowa mpaka magotini. Akanishika mkono.

“Dada, niko na wimbo. Utafsiri yote, usiruke neno.”

Akaanza. Niamini, sauti kama ile sijaisikia tena. Hata watoto wachanga walinyamaza. Nikatafsiri: “Ninapigana na moyo wangu, na moyo unanishinda. Mbele ya watu ninacheka. Nikibaki peke yangu, ninazama. Nani atanishika?”

Watu wakajibu amina. Sisi tulidhani ni maombi kwa Mungu, kama nyimbo zetu zote. Wewe ungedhani nini?

Ubeti uliofuata nilitaka kuuruka. Wimbo wa kanisa hausemi hivyo. Mama akanibana vidole mpaka vikauma, nikasema: “Leo nikitoka hapa ninaenda mtoni, na sitarudi.”

Nyuma kabisa mtu akasimama. Alikuwa Papa Kasereka, mchimba dhahabu aliyekimbia kutoka Bambu, mcheshi wetu, yule aliyetuchekesha hata siku ambazo hatukuwa na chakula. Sasa alipaza sauti:

“Nani amekuambia? Hayo sijaambia mutu!”

Kisha akamtazama mwimbaji vizuri. “Masika,” akamwita mkewe. “Bibi yangu. Si nilikuzika Bambu?”

Yule mama alimaliza wimbo wake polepole, akimtazama yeye tu, na mstari wa mwisho nikautafsiri huku ninalia: “Mushikeni, miye siwezi tena.”

Nilipogeuka kumkumbatia, hapakuwa na mtu. Kiganjani mwangu mlikuwa na mchanga mbichi, ule ambao wanawake wa Bambu huuosha mtoni wakitafuta dhahabu.

Ndipo tukaelewa. “Mimi” wa wimbo ule hakuwa yeye. Alikuwa amechukua maneno ambayo mume wake alishindwa kuyatamka, akayaleta mbele ya watu walio hai. Ni upendo wa namna gani huo? Mpaka leo namheshimu yule mwanamke kuliko wahubiri wote niliowatafsiria.

Papa Kasereka hakwenda mtoni. Tulimpeleka nyumbani kwetu, wanaume wa kanisa wakapokezana kulala naye chumba kimoja mpaka alipoanza kulia mbele yetu bila aibu. Yuko hai. Anacheka kidogo kuliko zamani, lakini akicheka sasa tunajua anacheka kweli.

Mimi bado ninatafsiri. Ila wimbo ukifika penye “nisaidie”, ninanyamaza kwanza na kutazama nyuso za watu, mmoja mmoja. Wengine hukasirika kwamba ninachelewesha ibada. Wakasirike.

Na wewe, mtu akiimba karibu nawe kwamba amechoka, usikimbilie kusifu sauti yake. Usingoje mpaka wafu watoke kaburini kukuambia. Kaa naye, umuulize: ni nani anayezama?