Sindano ya Giripe, Siyo ya Homa

Mwezi wa Desemba mwaka 1995 nilimpoteza kaka yangu Saidi, fundi magari wa mtaa wa Buyenzi. Vijana wanaoanza kazi ya kuchanja katika maduka ya dawa wameniomba niwaeleze tulivyoifanya wakati wetu. Nimejaribu kuanza na jambo jingine, nimeshindwa.

Niliingia kazini mwaka 1993, miezi michache kabla ya vita. Nilikuwa muuguzi msaidizi, mwenye shule ya msingi na mafunzo mafupi kwa masista. Duka lilikuwa mtaa wa Asiatique, kati ya muuza vitambaa na muuza vipuri. Siku ya kwanza mwenye duka, mfamasia tuliyemwita Patron, hakunionyesha dawa hata moja. Alinipeleka kwenye frigo, jokofu la chanjo.

"Mama Hadija, weka mukono."

Nikauweka mpaka vidole vikauma.

"Unasemaje, baridi inatosha?"

"Imezidi, Patron. Itagandisha."

"Sasa soma kipimajoto."

Nikasoma. Baridi ilikuwa sawasawa.

"Umeona? Mukono unadanganya. Hii frigo ndiyo bosi, hata mimi ni mutumishi wake. Chanjo ikipata joto, tunatupa. Ikiganda, tunatupa pia."

Chanjo ya giripe, yaani mafua makali, ilikuja mara moja kwa mwaka kwa ndege kutoka Ulaya, mvua zikianza. Ya mwaka uliopita haikufaa, kwa sababu virusi vya giripe hubadilika. Waliokuja kuchomwa ni wazee, wenye kisukari, wenye pumu, na watu wa Buyenzi waliojiandaa kwenda Hija. Kwanza nilimuuliza mtu kama ana ugonjwa siku hiyo, na kama mayai humdhuru, maana chanjo ile hutengenezwa ndani ya mayai. Kisha nilichoma kwenye msuli wa bega, nikamkalisha kwenye benchi kidogo, nione kama mwili unaikataa.

Vita ilipoingia mjini, umeme ulikatika ovyo. Tulizungushia visanduku vya chanjo vipande vya barafu vilivyofungwa kwa magazeti, ili barafu isiguse dawa. Njia zilipofungwa, mimi niliyekaa mtaa wa Nyakabiga sikufika kazini, na Patron hakushuka kutoka kwake, mtaa wa Kinanira. Zilipofunguliwa, wa kwanza kufika alikimbilia kipimajoto kabla ya kusalimia.

Saidi alikuwa na pumu. Mwaka ule wa 1995 nilimwita aje achomwe. Akaja na mafuta ya gari mpaka kwenye viwiko.

"We mudogo wangu, choma taratibu. Mi si tairi."

"Tairi haipigi kelele, kaka. Kaa."

"Na hii ni ya nini?"

"Ya giripe. Kwa ajili ya kifua chako."

"Giripe! Si ndiyo homa ya wazungu hiyo?"

Benchi nzima ikacheka. Patron akacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikamwambia, "Giripe, kaka. Si malaria." Akasema, "Ndiyo, muganga," akavaa shati lake.

Kwetu homa ni neno pana. Mtu akisema ana homa, huenda ni mafua, huenda ni joto la mwili tu, lakini mara nyingi ni malaria. Baada ya siku chache gereji yote ya Saidi ilikuwa ikiiita sindano ya homa.

Mwezi wa Desemba mwili wake ukapata moto. Juma hilo risasi zilikuwa zikilia na sikuweza kuvuka kwenda Buyenzi. Mkewe, wifi yangu Mwajuma, ndiye aliyenisimulia baadaye. Alimsihi aende dispensari ya jirani kupimwa damu. Saidi akamjibu, "Waende wenye hawajachomwa. Mi nimechomwa sindano ya homa."

Nilipofika, malaria ilikuwa imepanda kichwani na hakunitambua. Tulimpakia tumpeleke hospitali kwenye gari la mteja wake, lile lile alilokuwa akilitengeneza. Alifariki kabla ya adhuhuri.

Sijui kama angepona. Siku zile dispensari ilikuwa na dawa leo, kesho haina. Sitasema kwamba neno moja lilimuua. Ninachojua ni kwamba alilisema.

Baada ya matanga nilirudi kazini nikamweleza Patron. Akakaa kwenye benchi la wateja, mahali alipokaa Saidi.

"Tulicheka," akasema. "Mama Hadija, kuanzia leo hatuchomi mutu mpaka yeye mwenyewe aseme."

"Aseme nini?"

"Aseme hii inakinga nini, na haikingi nini. Kwa mudomo wake. Sisi tumesema vya kutosha."

Ndivyo desturi ilivyoanza. Kila mtu alitamka: "Hii ni ya giripe tu. Homa ikinishika, nitaenda kupima damu." Wengine walituchekelea. Mzee mmoja aliuliza, "Hapa ni duka la dawa ao ni madrasa?" Nikamjibu, "Ni yote mawili, baba. Sema." Akasema.

Baadaye nilihamishiwa duka la Kinanira, chini ya mfamasia mwanamke tuliyemwita Madamu. Alikuwa mkali na hakupenda maneno mengi, lakini desturi ile niliyokwenda nayo hakuiondoa. Wateja wa huko waliitamka kwa Kifaransa. Nilibaki kwake mpaka vita ikaisha, na miaka mingi baada ya hapo, mpaka nikastaafu.

Kazi hii ni ya mkono na ya frigo, lakini nimejifunza kwamba mgonjwa hupeleka nyumbani neno alilolishika, si lile uliloliambia sikio lake.

Miaka yote ya kazi sikuchomwa chanjo ile. Dozi zilikuwa chache, tuliwaachia wagonjwa. Mwaka jana, kwa kuwa sasa nami ni mzee, nilienda lile duka la Asiatique. Binti aliyekuwa zamuni hakunijua.

"Bibi, kabla sijakuchoma, sema nyuma yangu. Hii ni ya giripe tu."

"Hii ni ya giripe tu."

"Homa ikinishika..."

"Homa ikinishika," nikasema, nikaligeukia benchi la wateja.

Akangoja, sindano mkononi. "Maliza, bibi. Bila hivyo sichomi."

Nikamaliza. Akanichoma.