Mboga Zije Nzima

Kwenye soko la mji wetu wa Zifta wauza mboga walimwogopa Abla Insaf kuliko mgambo. Mgambo huchukua chake akaenda zake. Abla Insaf alisimama mbele ya genge, akafumba macho, akashika koliflawa kama daktari anayetafuta uvimbe, akairudisha, akashika komamanga, akalirudisha, akapapasa mapera yote moja moja, kisha akanunua chungwa.

"Bibi wee," Mzee Shahata alimwambia siku moja mbele za watu, "unanunua au unaposa?"

"Nasikiliza mguso wake, mzee wangu."

"Basi sikiliza upesi, mapera yangu yanaona haya!"

Watu walicheka, naye akacheka nao, maana hakuwa mtu wa kununa. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, hajaolewa, anaishi na mama yake ghorofa ya tatu karibu na mto. Mama alipika, yeye alichora. Mpango huo ulidumu tangu ujana wake, na ndio mzizi wa yote ninayosimulia, kwa sababu Insaf alizijua mboga kwa ngozi zake tu. Zikishaingia sufuriani hakuwa na habari nazo tena mpaka zitokee kwenye sahani.

Tulifundisha shule moja, ambako kila mwalimu wa kike huitwa abla, darasa langu na lake likigawana ukuta. Mimi nilifundisha kusoma na kuandika, somo lenye mtihani, somo la heshima. Yeye alifundisha uchoraji darasa la kwanza. Kipindi cha uchoraji shuleni kwetu kilikuwa kama kiti cha ziada sebuleni: kila mwenye mgeni anakichukua. Hesabu zikibaki nyuma, zinachukua uchoraji. Chanjo zikija, zinachukua uchoraji. Hata fundi wa bomba alipokuja kuzibua choo, alizibua wakati wa uchoraji. Insaf alibaki amesimama koridoni na makaratasi yake kifuani, anatabasamu. Tabasamu lile liliniudhi mno. Mtu anakupokonya tonge mdomoni, nawe unamwombea shibe!

Lakini siku alizoachiwa kipindi chake, nilikuwa nawapa watoto wangu kazi ya kunakili ili nitege sikio ukutani. Aliwafunga wanafunzi vitambaa machoni na kuwatia kitu mkononi.

"Usiniambie ni nini," alisema. "Niambie vidole vinasikia nini."

"Abla, hiki kina vitundu kama pua ya babu!" Hilo lilikuwa chungwa.

"Changu kimeota ndevu, Abla, lakini ndevu changa." Hiyo ilikuwa bamia.

Kisha waliweka karatasi juu ya ganda, wakasugua kwa kipande cha mkaa, na ganda likajitokeza lenyewe kwenye karatasi, na vitundu vyake na mikunjo yake. Huo ndio aliouita mguso: jicho kuona kile ambacho kidole kingesikia. Alilifundisha jambo hilo kana kwamba nchi nzima ilikuwa inalisubiri.

Mwaka ule ikaja habari kwamba uchoraji utapunguzwa kwenye madarasa ya chini. Kila shule ingetembelewa na mkaguzi, atazame somo moja tu. Likimpendeza, uchoraji unabaki. Lisipompendeza, Abla Insaf anahamishiwa stoo kutunza vitabu. Mwalimu mkuu wetu, Bi Ikbal, alimpa habari hiyo kwa upole wote.

"Stoo kuna kivuli," alimfariji.

Insaf alikonda mpaka saa ikawa inamcheza mkononi. Nilimwambia afundishe kitu chepesi, awachoreshe watoto bendera, hakuna mkaguzi anayeikataa bendera. Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye ninayepelekwa stoo.

"Nabawia, dada yangu," akasema, "kama ni kuzikwa, nizikwe na somo langu."

Akachagua mboga kwa ngozi. Biringanya kwa mng'ao wake, pilipili hoho kwa mabonde yake, mumunye changa kwa vile vinywele usivyoviona mpaka uviguse, kabichi kwa mishipa minene, na majani ya mzabibu kwa mishipa myembamba. Watoto wangezipaka ngozi hizo rangi, wazigandamize kwenye karatasi, mkaguzi aone darasa zima la mihuri. Jumapili, siku wiki yetu ya shule inapoanza, akawaambia watoto, nami sikuwepo, nilikuwa kwa daktari wa meno. Ningekuwepo ningemziba mdomo kwa mkono wangu.

"Kesho kila mmoja aje na mboga," aliwaambia. "Biringanya, hoho, mumunye, kabichi au majani ya mzabibu. Teueni zilizo nzuri. Zisikatwe wala zisipasuke, mboga zije nzima, kwa sababu tuna mgeni mkubwa."

Mwanamke yeyote wa kwetu aliyezaliwa karibu na jiko, ukimtajia hizo tano kwa pamoja, hasikii mboga tano. Anasikia mahshi. Anaona mumunye imechokolewa ndani ikajazwa wali, jani la mzabibu limeviringishwa kama kidole cha bibi arusi, sufuria imefunikwa sahani juu ili zisicheze. Ukimwongezea na neno mgeni, umemaliza kazi. Hayo tu Insaf hakuyajua. Alikuwa ametamka mapishi mazima bila kujua kwamba ametamka kitu.

Kwenye kundi la simu la akina mama, moto uliwaka kabla ya alasiri. Mpwa wangu alikuwa na mtoto darasa lile, akanisomea yote baadaye huku akijishika mbavu.

"Jamani, mkaguzi anakuja na shule inataka mahshi," aliandika Mama Ziyad.

"Nani kasema mahshi?" aliuliza Mama Rodaina.

"Shoga, kabichi, biringanya, mumunye na majani ya mzabibu, unadhani ni ya nini? Ya kusukia ukili?"

"Na kasema zisipasuke. Kumbe abla anajua mapishi, nami nilimdhania hajui hata chumvi!"

"Basi Mama Rodaina, wewe lete mkate. Mahshi ya kabichi niachie mimi. Yako ya Idi yalikuwa manene kama blanketi."

"Blanketi? Mumeo alijifunika mablanketi kumi na mawili akaomba na mengine!"

Baada ya hapo hakuna aliyekuwa anampikia mkaguzi. Walikuwa wanapikiana wao.

Jumatatu asubuhi niliinusa shibiti, kiungo cha mahshi, kabla sijafika getini. Watoto waliingia wamekumbatia masufuria yaliyofungwa kwa vitambaa, mabakuli, mahotipoti, wengine wakisindikizwa na mama zao ili mchuzi usimwagike njiani. Nikakimbilia darasani kwa Insaf. Alikuwa amepanga sahani za rangi juu ya madawati, nyekundu, buluu, kijani, na karatasi nyeupe mbele ya kila kiti. Mtoto wa kwanza akafunua sufuria, mvuke ukapanda. Wa pili akafunua. Wa tatu.

"Abla, ziko nzima!" Rodaina akasema kwa fahari. "Mama hajapasua hata moja."

Insaf akaketi kwenye kiti cha mtoto.

"Nabawia, wameziua," akaninong'oneza. "Hakuna hata moja yenye ngozi yake."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikashindwa kuchagua. Nikamwambia nikimbie kwa Mzee Shahata nikalete mbichi. Lakini gari la mkaguzi lilikwishaingia uani, na Bi Ikbal alikwishaanza kile kicheko chake cha wageni. Insaf akainuka. Akaziondoa sahani za rangi zote, akazificha chini ya meza yake. Sijui alipata wapi nguvu zile.

Mkaguzi, Bwana Wagdi, alikuwa mtu mnene mwenye kikohozi na mkoba. Bi Ikbal alimwekea kiti mbele, karibu na sufuria za Mama Ziyad. Hapo ndipo Insaf alipofundisha somo ambalo sijaona mfano wake, mimi mwenye somo la heshima.

Aliwafunga watoto vitambaa machoni. Akawapa mahshi mikononi.

"Jana lilikuwa jani likikwaruza," akasema. "Leo vidole vinasikia nini?"

"Linateleza, Abla."

"Kama sabuni!"

"Ndani kuna vipele. Ni mchele!"

"Kwa hiyo moto umefanya nini?"

"Umelibembeleza," akasema Rodaina.

Kisha akawaambia wakunjue majani taratibu, wayatandaze juu ya karatasi nyeupe, wayagandamize kwa kiganja, wayainue. Mafuta yakanywewa na karatasi. Akawapeleka watoto dirishani, kila mmoja akainua karatasi yake kwenye jua. Walahi, kila mshipa wa jani ulikuwepo, hata ule mwembamba kama uzi wa buibui, uking'aa kwenye karatasi pasipo rangi wala penseli. Darasa zima likasema "aaah" kwa sauti moja. Mimi nami nilisema, mlangoni pale, na sikuwa na kipindi.

Nikageuka kumtazama mkaguzi. Alikuwa amelipa dirisha mgongo. Alikuwa kwenye mumunye ya tatu.

"Hii ya nani?" akauliza.

"Ya Mama Ziyad, bwana," akasema Bi Ikbal. "Onja na kabichi."

"Mashaallah. Wali haujarojeka." Akajifuta masharubu. "Unajua, mwalimu mkuu, wiki iliyopita nilikwenda shule moja, nikakuta watoto wanachovya viazi kwenye rangi. Neema ya Mungu! Mtu akiona kipande cha mkate barabarani anakiokota, anakibusu, anakiweka pembeni, na wao wanafundisha watoto kuichafua neema! Niliwafutia somo palepale."

Nikatupa jicho chini ya meza ya Insaf, kwenye zile sahani za rangi nyekundu na buluu. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Masufuria yale yale yaliyoliua somo lake ndiyo yaliyoliokoa.

Angalau nilidhani yameliokoa. Bwana Wagdi akainuka, akakohoa, akamwita Insaf mbele ya watoto.

"Mwalimu, nimekagua miaka mingi, sijaona somo lenye faida kama hili. Huu si uchoraji, na ni vizuri kwamba si uchoraji. Uchoraji tunaufuta. Lakini wewe huendi stoo. Nitaandika ufundishe mapishi ya nyumbani, darasa la kwanza mpaka la tatu, na kipindi chako asikiguse mtu."

Akina mama waliojazana dirishani wakapiga vigelegele.

"Bwana, karatasi zile..." Insaf akaanza.

"Karatasi hazitakosekana!" mkaguzi akamkatiza.

Na kweli hazikukosekana. Bi Ikbal, aliyekuwa anatafuta kitu cha kumfungia mgeni mahshi yaliyobaki, alikusanya karatasi zote za watoto pale dirishani. Zilikwishalowa mafuta, alisema, hazina kazi nyingine. Akafunga vifurushi viwili vinono, akamsindikiza mkaguzi mpaka kwenye gari.

"Abla," Rodaina akasema, "ameondoka na jani langu."

"Utapikiwa jingine, mwanangu," nikamwambia.

"Silo la kula! Lile la kwenye jua!"

Sijawahi kumwona Insaf akikimbia kabla ya siku hiyo. Alivuka ua, akamfikia mkaguzi mguu mmoja ukiwa garini, akashika vifurushi.

"Samahani, bwana. Hizi si za kufungia."

Akavifungua hapo hapo, mbele ya Bi Ikbal, mbele ya dereva. Akamrudishia mahshi yake yote, moja moja, mikononi, juu ya mkoba, mchuzi ukimtiririka kwenye mikono ya koti. Karatasi akazikumbatia kifuani. Nikasema moyoni, basi, mdomo umeponza kichwa, sasa hata stoo hapati. Na nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Bwana Wagdi alizitazama mboga zilizomjaa mikononi. Kisha akacheka, akamgeukia Bi Ikbal.

"Umeona? Huyu ni mpishi wa kweli. Hawezi kuvumilia chakula kifungwe kwenye karatasi chafu!"

Barua ilifika kabla ya mwezi kwisha, na mhuri juu yake. Mapishi ya nyumbani, Abla Insaf, kipindi kisiguswe na mtu. Na hakiguswi. Hesabu zibaki nyuma, chanjo zije, mabomba yapasuke, hakuna anayethubutu kuligusa somo la mahshi. Mama Ziyad humsalimia sokoni kwa kumbusu mashavu yote mawili.

Ijumaa ya kabla ya somo la kwanza alikuja kwangu, kwa kuwa mama yake angemcheka. Nilikwishaosha mumunye na kuloweka mchele. Akavaa aproni yangu ya zamani, akasimama mbele ya ubao wa kukatia, mikono ikining'inia.

"Nifundishe, Nabawia," akasema. "Anza mwanzo kabisa. Mchele unaingiaje humo ndani?"

Nikamwonyesha jinsi ya kuchokoa. Akaichukua mumunye, akaingiza kisu, nyama yake ikaanza kutoka vipande vipande, akaendelea kuchokoa kwa uangalifu mkubwa. Machozi yalikuwa yanamtoka, na vitunguu tulikuwa hatujaanza kumenya.