Picha ya Zdravka Langoni

Kwa miaka thelathini na moja Zdravka alishona kola za mashati katika kiwanda kimoja cha mji wa Sevlievo, Bulgaria, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kola zake ni nzuri. Wala hakutarajia. Kasoro ndizo zilizosemwa; uzuri ulipita kimya.

Kisha kiwanda kikanunuliwa na Waholanzi. Akaja meneja kijana, Joost, na taratibu zilizoifanikisha kampuni yake kwingine kote. Mojawapo ilikuwa kumtangaza mfanyakazi bora wa mwezi. Jumatatu asubuhi alibandika langoni picha ya Zdravka, nyeusi na nyeupe, jina lake likiwa chini kwa herufi nene.

Lakini katika mji ule, picha ya namna hiyo hubandikwa langoni mtu akifa.

Saa nne Penka, jirani yake wa cherehani, alirudi kutoka nje akicheka hadi machozi. "Shoga, pole na msiba wako. Umeshaletewa na maua pale chini. Mawili! Aliye hai hupewa moja au matatu, mawili ni ya maiti."

Zdravka naye akacheka. Kisha mkono ukamsimama juu ya kitambaa.

"Basi la kijijini kwetu, la Batoshevo, limeshapita hapo langoni?"

"Kitambo."

"Abiria wameiona picha. Mama ameshaambiwa, Penka."

Mama yake, Tsona, alikuwa na miaka themanini na sita na ugonjwa wa moyo. Zdravka akampigia simu. Iliita tu, bila kupokelewa.

Joost alipoelezwa hakujitetea. Alichukua ufunguo wa gari.

Walimkuta bibi kizee ameketi kitandani, kitambaa cheusi kichwani, viatu vya kwendea mjini miguuni, ameshindwa kusimama. Alimshika binti yake mashavu, akamnusa nywele, akamshika tena.

"Umekonda wewe," akasema hatimaye. "Hata kwa maiti umekonda."

Halafu akamtazama mgeni aliyesimama mlangoni. "Wewe ndiye uliyembandika mwanangu ukutani? Alikukosea nini?"

Joost alihangaika na Kibulgaria chake kichache. "Kola zake... nzuri kuliko zote. Nilitaka watu wajue."

"Sasa si ungemwambia mwenyewe? Mdomo si unao?"

Kijana akaiva uso. Akamgeukia Zdravka, akamwambia. Zdravka akainamisha macho.

"Rudia," Tsona akasema, huku akifungua kile kitambaa cheusi. "Sikio la upande huu halisikii vizuri."