Tulivyonyimwa tuta la bustani kwa sababu ya kuwasifu watoto wetu

Wakuu, heshima kwenu. Ninaeleza kama ilivyokuwa; nakala za fomu ninazo.

Mimi ni mtumishi mstaafu wa serikali, Mtanzania, ninaishi kwa binti yangu hapa Bowie, Marekani. Miaka michache iliyopita nilijiunga na kituo cha wazee. Walatino, wahamiaji wa Amerika ya Kusini na ya Kati, walikuwa wengi, na rafiki yangu akawa Mama Rosa wa El Salvador, mwenye miaka sabini na minne. Kiingereza chake cha kuungaunga, changu cha barua za serikali. Tulielewana.

Kituo kikatangaza matuta ya bustani kwa wazee wanaojiweza. Mama Rosa alitaka tuta mno. Tangu ahame kwao hakuwahi kupanda maharage yake mwenyewe.

Tukajaza fomu. Nani hukupikia? Nani hukupeleka dukani?

Nikaandika: binti yangu, mkwe wangu. Mama Rosa aliandika wanawe wote wanne, hadi nafasi ikamwishia.

(Kwetu, na kumbe kwao pia, mzee akisema anajifanyia kila kitu, amewatangaza wanawe kuwa wamemtupa.)

Majibu yakarudi: wote wawili ni "wategemezi". Tuta hakuna. Tumepangiwa mazoezi ya kunyoosha vidole tukiwa vitini.

"Don Abeli, wamekuandika mgonjwa," akaniambia Mama Rosa; "Don" kwao ni kama "Mzee".

"Na wewe?"

"Mimi wameniandika maiti."

Nilikasirika, nakiri. Nimeshika majalada maisha yangu yote, na kumbukumbu potofu siivumilii. Nikaandika barua ya kurasa mbili, yenye vifungu: Mama Rosa huamka alfajiri, hupikia watu wanane, huwapeleka wajukuu shule kwa miguu.

Msimamizi akatuita. Mwana wa kwanza wa Mama Rosa, aliyemleta kwa gari, alikuwa amekaa pembeni.

"Mama, kweli wanao hukupikia?" msimamizi akamuuliza.

Akamgeukia mwanawe. Nikadhani hatamwaibisha, na tuta limekwenda.

"Huyu hajui kukaanga yai," akasema. "Lakini nikiugua atajaribu, nami nitakula. Nyinyi mliuliza nina nani."

Mwanawe akacheka mpaka akainamisha kichwa. Msimamizi akasahihisha fomu palepale. Mama Rosa akapata tuta.

Kisha akanigeukia: na wewe, mzee, binti yako hukupikia kweli?

Wakuu, singeweza kusema uongo. Hunipikia, tena vizuri. Nilinyoosha vidole msimu mzima.

Nilichojifunza: mzazi wenu akijaza fomu huku ugenini, kaeni naye, na muulizeni pia yeye anamfanyia nani nini. Heshima yetu ikisomwa na mgeni hugeuka udhaifu.

Wazee wenu waliandika nini? Nisahihisheni nilipokosea, ila kwa ushahidi.