Aliyeniuliza Kama Nimepunguza Mwangaza

Sikulazimishi uamini. Nilipowasimulia watu wa mtaani, mmoja alisema msiba umenichanganya, mwingine akasema nilisinzia. Sikusinzia, na sikuwa nimeonja hata funda moja la mbege. Ilikuwa Jumapili, saa kumi za jioni, hapa hapa Pasua, na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa mle ndani.

Mimi na mke wangu Manka tulikuwa na chumba cha gemu. Skrini nne, mabenchi mawili, na mlango unaotazama barabara ya vumbi. Wateja walidhani fundi ni mimi, lakini picha ilikuwa kazi ya Manka. Skrini mpya ikifika, mimi ningeiwasha tu watu waanze kucheza. Yeye alikaa nayo hata saa nzima, kidole gumba kikipapasa vitufe vya nyuma bila kuviangalia. Alishusha ukali wa picha ili wachezaji wa ndani ya gemu wasiwe na mstari mweupe pembeni. Alipunguza ule ubuluu unaochosha macho. Kwenye gemu za vita alipandisha gama, ile setingi ya vivuli, siyo mwangaza. Ukiongeza mwangaza tu, aliniambia, weusi wote unageuka kijivu. Lakini gama inakuonyesha aliyejificha kivulini, na usiku unabaki usiku. Vijana walitoka hadi Shirimatunda kuja kucheza kwetu kwa sababu ya picha ile.

Mwaka juzi, kabla ya masika, Manka akaanza kuongeza mwangaza wenyewe. Kidogo kidogo, kila siku. Yeye aliyenifundisha mimi kwamba hivyo haifai. Wateja wakalalamika kwamba picha imepauka, nikawa narudisha asubuhi kabla hajafika. Akifika ananiuliza, "Umepunguza mwangaza?" Namwambia ndiyo, wateja wamelalamika. Tunabishana, tunacheka, yanaisha.

Sasa nisikilize vizuri, maana dhambi yangu iko hapa. Baada ya muda niliacha kurudisha. Nilichoka tu. Skrini ilibaki vile vile alivyoiacha mwenyewe jana yake. Lakini yeye aliendelea kuuliza, "Umepunguza mwangaza?" Ningesema hapana, angefungua setingi zote, angezikagua moja moja, na wateja wamesimama mlangoni. Kwa hiyo nikasema ndiyo. Nikasema hivyo leo, kesho, wiki tatu nzima. Ndiyo, nimepunguza. Naye akaamini kwamba giza liko kwenye skrini.

Halikuwa kwenye skrini. Siku aliyojikwaa kwenye ngazi mchana kweupe ndipo nilipompeleka hospitali. Daktari alisema kuna uvimbe kichwani, umebana mishipa ya macho. Akamuuliza tangu lini haoni vizuri. Manka akajibu, "Ni juzi tu, daktari. Kabla ya hapo ilikuwa skrini, mume wangu alikuwa anapunguza mwangaza." Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake. Unadhani nilifungua mdomo?

Tulimzika kwetu Kibosho, kihambani, katikati ya migomba na mibuni ya baba. Labda asingepona hata kama tungewahi. Labda angepona. Hakuna anayeweza kuniambia.

Miezi minne ikapita, ndipo ikaja hiyo Jumapili. Umeme ulikatika tangu mchana, mvua ilikuwa inanyesha, na hakuna mteja aliyekuja. Nilikaa ndani peke yangu. Kibarazani, karibu kabisa na mlango, jirani yetu Mama Haika alikuwa anakaanga viazi kwenye jiko lake la mkaa.

Akaingia mwanamke mtu mzima, mnene, kilemba kichwani, miguu ina udongo mweusi wa huko juu mlimani, kama wa Kibosho. Sijawahi kumwona. Nikamsalimia shikamoo, hakuitikia. Nikafungua mdomo kumwambia hakuna umeme, na hapo hapo skrini ya pembeni, ile aliyoipenda Manka, ikawaka. Nikadhani umeme umerudi. Yule mama akakaa kwenye benchi akachukua pedi ya kuchezea, akaanza kucheza gemu ya vita kama mtu aliyeizoea miaka.

Kisha mkono wake ukaenda nyuma ya skrini. Hakuangalia. Kidole gumba kikapapasa, na ile orodha ya setingi ikafunguka. Akashusha ukali. Akapunguza ubuluu. Akapandisha gama na kuiacha pale pale Manka alipokuwa akiiacha. Niamini, nilitaka kukimbia.

"Umepunguza mwangaza?" akaniuliza.

Sauti haikuwa ya Manka. Ilikuwa nzito, ya mtu mwingine kabisa. Lakini nani mwingine angeniuliza swali lile? Mdomo wangu ulikwishaanza kusema ndiyo, kwa mazoea. Nikaukamata.

"Hapana," nikasema. "Sijagusa. Hata zile wiki za mwisho sikugusa. Yalikuwa macho yako, Manka."

Akaiweka pedi mapajani, taratibu. Hakugeuka.

"Ungeniambia," akasema. "Ningekwenda hospitali."

Hakusema kwa hasira. Bora angenitukana. Aliinuka, akanyoosha mikono mbele, akaanza kupapasa ukuta kama mtu asiyeona, benchi, kisha ukuta tena, mpaka akaupata mlango. Nilitaka nimshike mkono nimtoe nje salama. Nilishindwa kusimama. Skrini ikazimika.

Mama Haika akachungulia. "Mangi, una jenereta siku hizi? Nimeona mwanga humo ndani."

"Umeme umerudi," nikasema.

"Umeme gani? Mtaa mzima hauna."

Nikamuuliza Mama Haika yule mwanamke ameelekea wapi. "Nipo hapa mlangoni tangu saa nane," akasema. "Hajaingia mtu, hajatoka mtu."

Wiki iliyofuata nilipanda Uru kwa mama mkwe. Nilimkuta anamenya ndizi jikoni. Nilimweleza yote, na zile ndiyo zangu za wiki tatu pia. Aliendelea kumenya mpaka ndizi zikaisha. Akaosha mikono, akaifuta kwenye kanga.

"Hilo usimwambie baba yake," akasema. "Na mimi, mwanangu, usije kwangu kwa muda. Nitakuita."

Hajaniita bado.

Chumba nilikifunga. Siku hizi nauza viatu vya mtumba Kiboriloni. Mteja akiniuliza kama kiatu kimemkaa, nikiona kinambana namwambia kinambana, aondoke zake. Wenzangu wananicheka. Kusema ndiyo ya kumridhisha mtu siwezi tena.

Nawe unayenisikiliza, kama kuna mtu nyumbani kwako analalamika kwamba picha ina giza, taa hazitoshi, maandishi yamefifia, usimpe jibu la kumnyamazisha. Mwambie ukweli, umpeleke akapimwe, hata kama mtabishana hadi jioni. Mimi leo ningetoa chochote nibishane na Manka, hata kwa dakika tano.