Pindo, Mlinzi wa Fundi Cherehani

Mimi mbwa sijawahi kuwapenda, niseme mapema ili mtu asije akanisingizia. Mbwa ana kazi yake na mimi nina yangu, na yangu ni kusuka nywele. Nasukia barazani kwangu, na baraza yangu inatazamana na mlango wa Fundi. Fundi ni mjane, anashona nguo katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango wazi kutwa, cherehani ya miguu imekaa karibu na dirisha apate mwanga. Miaka mingi tumeishi hivyo, yeye anakanyaga, mimi nasuka, na mazungumzo yetu yanavuka njia kwa sauti ya juu. Siri zetu zote wapita njia wanazijua.

Fundi ana mkono wa dhahabu na mdomo wa uongo. Ukimpelekea kitambaa anakwambia njoo Ijumaa. Ijumaa anakwambia njoo kesho, na ukimuuliza kesho ipi, anacheka. Bibi harusi mmoja alivalia gauni pale pale chumbani kwake, gari linanguruma nje, Fundi amepiga magoti nyuma yake anamalizia kushona. Lakini lilipotoka gauni lile, hata dereva alishuka kulitazama.

Mwanawe wa kwanza anafanya kazi ya bima katika mji mwingine. Ni kijana mwema, nimemjua tangu akitembea bila suruali, ila kazi ile imemharibu macho. Haoni nyumba, anaona moto. Haoni ngazi, anaona mguu uliovunjika. Basi siku moja mwizi aliingia kwa Fundi mchana kweupe, mwenyewe yuko uani anaanua nguo, akaondoka na pasi na vitambaa vya watu. Kesho yake mwanawe alikuwa mlangoni na gari la kubebea mizigo.

"Mama, funga vitu. Unakuja kukaa kwangu," alisema hata kabla hajaketi.

"Na wateja wangu?"

"Watapata fundi mwingine."

Neno hilo lilimkata maini. Nilimwona akilirudia midomoni bila sauti: fundi mwingine. Walibishana hadi dereva akasinzia. Mwisho gari lilirudi tupu, lakini kwa sharti. Kijana angemnunulia mama yake mbwa wa ulinzi, mbwa hasa, wa mbegu safi. "Akikomaa nitakuja kumjaribu," alisema. "Akilinda, kaa. Asipolinda, mama, tusibishane tena." Fundi akakubali.

Fundi anawadanganya wateja kuhusu siku, lakini neno alilowapa wanawe hajalivunja hata mara moja. Mbwa akishindwa, angehama. Na mimi ningebaki nasuka nikitazama mlango uliofungwa. Nikajikuta, mimi nisiyependa mbwa, namwomba Mungu atuletee mbwa mkali.

Tulikwenda wote wawili kumchukua. Mfugaji alikuwa bwana mmoja wa buti ndefu na maelezo marefu zaidi. Alitupanga mbele ya banda akaanza kutusomea ukoo: baba wa mtoto huyu ni fulani, babu yake alilinda ghala la serikali, bibi yake alipata kombe kwa kutembea vizuri tu. Nilimnong'oneza Fundi kwamba kwa upande wangu mimi sijui hata babu wa babu yangu alikuwa akifanya nini. Mama mbwa alikuwa ameketi pembeni, masikio juu, anatutazama kama hakimu.

"Huyu ni mbwa wa Kijerumani safi, hakuchanganywa na chochote," mfugaji alisema, akamweka mtoto mikononi mwa Fundi. "Lakini mbegu peke yake haitoshi, mama. Asishikwe na wageni. Asilishwe na wageni. Ajue mkono mmoja tu, wako. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba," Fundi akajibu, kwa sauti ile ile anayotumia kuahidi Ijumaa.

Njiani mtoto alilia mpaka tukaona aibu, kisha akauma upindo wa gauni la Fundi na kunyamaza. Alilala hivyo hivyo, kaushikilia kwa meno. Tulipofika nyumbani hakutaka kuuachia, ikabidi Fundi aingie ndani akitembea upandeupande. Kijana alipiga simu akasema mbwa aitwe Simba. Mama yake akamwambia amechelewa, ameshaitwa Pindo.

Sasa mjue chumba cha fundi kilivyo. Kila mahali pana kitu cha kutafuna. Pindo alitafuna chaki ya kuchoria akawa na mdomo mweupe siku nzima. Aliburuta uzi mwekundu kutoka kwenye kidonge chake mpaka kwangu, akatuzungushia miguuni mimi na mteja niliyekuwa nikimsuka. Akichoka analala juu ya kikanyagio cha cherehani, na Fundi anakaa na mguu hewani akingoja aamke. Wateja wakija kudai nguo, anawaonyesha kwa kidole. "Amelala. Nimkanyage?" Na wao, watu waliokuwa wamekuja na hasira zao zimepigwa pasi, wanachuchumaa na kumkuna tumbo.

Kosa lenyewe lilianzia kwenye vipimo. Kumpima mtu kunataka mikono miwili, na mtoto wa mbwa hawezi kuachwa karibu na satini ya mtu. Kwa hiyo Fundi akimshika mteja kiuno anamwambia, "Nishikie huyu kidogo, asije akakojolea kitambaa chako." Mteja anapimwa kifua, mabega, urefu wa mkono, na muda wote huo amempakata Pindo. Akija kujaribu nguo, anampakata tena. Akija kuichukua, anakuja na mfupa.

"Fundi," nikamwita kutoka barazani, "yule bwana alisema wageni wasimshike."

"Wageni gani? Hawa wateja."

"Mteja si mgeni?"

"Mtu nimempima nyonga, ananiambia mwanawe anaoa lini na nani amemkasirisha, halafu awe mgeni?" Alikuwa amebana pini mdomoni, na hakuona hata haja ya kuzitoa. Kwa Fundi, ukishapita kwenye utepe wake wewe ni jamaa. Na pale kwetu nani hajapita kwenye utepe wake?

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Pindo alikua, na macho yakashangaa. Sikio moja lilisimama kwanza, likakaa peke yake juu kama bendera, la pili likalifuata baadaye. Kifua kikapanuka, mgongo ukawa mweusi unang'aa. Watu wasiotujua walikuwa wakivuka upande wa pili wa njia kwa kumwogopa, naye anawafuata huko huko ili awasalimie. Kubweka nilimsikia mara moja tu, alikuwa akiubwekea mwavuli. Akimwona mtu ameshika mfuko, anaamini mna mfupa, anaandamana naye. Mara alimfuata muuza unga, fundi viatu wa pale kwenye kona akamrudisha kwa kumshika ukanda wa shingoni. Mara nilimwacha mteja na nusu kichwa nikamkimbilia mimi, kwa miguu mitupu. Mbwa wa mbegu safi vile, tulikuwa tukiambiana, na hana akili ya kukataa mtu, wataondoka naye mchana.

Kijana alipopiga simu kusema anakuja, Fundi alikanyaga cherehani kutwa nzima bila kuinua kichwa. Jioni alivuka njia akaketi kwenye kigoda changu, kitu ambacho hakifanyi, maana huwa anasema kigoda changu kinamkata.

"Nimemharibu mbwa, Msusi."

"Umemharibu," nikasema. Ningemdanganya ili iweje? Nilikuwa nimekasirika naye, na hasira yangu yote ilikuwa ni hofu tu.

"Kule kwake sina ubaya nako. Nyumba nzuri, ina ukuta. Lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Hapa mtu akigonga, ananitaka mimi. Kule akigonga, nitakwenda kumwita mwenye nyumba."

Nilimsuka tu, hata hakuniomba.

Kijana alikuja siku ambayo hatukumtazamia, na hakuja peke yake. Mengine tuliyajua baadaye. Alijificha nyuma ya tangi la maji na kumtuma mwenzake wa kazini, mtu mnene mpole ambaye hakuna aliyewahi kumwona pale kwetu. Maagizo yalikuwa hivi: mama akitoka, ingia, chukua pasi mpya, toka nayo. Tuone mbwa atafanya nini.

Fundi alitoka kwenda kununua zipu. Yule bwana akaingia. Mimi nilikuwa nimemwona tangu anakata kona, kwa sababu alikuwa akitembea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima, lakini nilidhani ni mteja. Pindo alimpokea mlangoni, akamnusa, akaenda kumletea kipande chake cha kamba wachezee. Mtu akachukua pasi. Pindo akatikisa mkia. Mtu akatoka na pasi kwapani, na Pindo nyuma yake, kamba mdomoni, furaha tele, wakashika njia pamoja.

Mwenzenu pasi sikuiona. Niliona mtu nisiyemjua anaondoka na Pindo.

"Wewe baba," nikasema nikisimama na kitana changu, "unampeleka wapi mbwa huyo?"

"Simpeleki popote. Ananifuata."

"Anakufuata kwa sababu umemwita."

Mteja wangu naye akasimama, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, na nawaambia ukweli, hata mimi ningemkimbia. Fundi viatu alishaacha kiatu cha watu na kuja kuziba njia na nyundo mkononi. Dirisha la juu la nyumba ya jirani likafunguka, mwalimu mstaafu akauliza kuna nini, na aliposikia jina la Pindo akashuka na kandambili za mkewe. Yule bwana alikuwa akitoka jasho. Mbwa wetu wa ulinzi alikuwa amemlalia miguuni.

"Nimetumwa," akasema.

"Wezi wote wametumwa," fundi viatu akamjibu, na ndipo alipoiona pasi.

Hapo kijana akatoka mbio nyuma ya tangi, mikono juu. "Mwacheni, ni mwenzangu, tulikuwa tunajaribu." Fundi viatu ni mgeni kidogo pale kwetu, hakumjua kijana. Alimshika mkono akamkalisha ukingoni mwa baraza yangu karibu na mwenzake. Nami ningeweza kusema neno, kwa kuwa kijana nilimjua. Sikusema. Alikuja kunichukulia mtu wangu, acha akae kidogo.

Fundi aliporudi alikuta umati mbele ya mlango wake na mwanawe amewekwa chini ya ulinzi.

"Shikamoo mama," kijana akasema. "Waambie mimi ni nani."

Fundi akamtazama toka juu hadi chini, polepole. "Sura kama naijua. Lakini suruali hiyo sikuishona mimi, kwa hiyo siwezi kumdhamini."

Watu waliangua kicheko, na mwenzake wa kijana, maskini, akacheka kuliko wote kwa kuona hatapigwa. Watu walipoanza kutawanyika, Fundi akaacha kucheka. Alimsikiliza mwanawe akieleza yote, neno kwa neno, jinsi mbwa alivyompokea mwizi kwa kamba.

"Basi ameshindwa," Fundi akasema. "Nilikupa neno langu. Ngoja nifunike cherehani, mengine tutafunga kesho." Akainama kuchukua pasi yake.

Kijana hakuinuka. Alikuwa akimtazama mwalimu mstaafu akirudi kwake na kandambili zisizomtosha, kisha akanigeukia mimi.

"Mama mdogo, yule ulianza kumwona wapi?"

"Kwenye kona. Kabla hata hajafika kwenye tangi."

"Na mimi je, nyuma ya tangi?"

"Kisigino chako kilikuwa nje. Nilidhani unajisaidia, nikakustahi."

Hakucheka. Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha Pindo, na nadhani hata hakujua kama anamkuna. "Mwaka jana wezi walivunja kwangu," akasema taratibu. "Ukuta upo, nondo zipo, kengele ililia mpaka betri ikaisha. Hakuna aliyetoka. Asubuhi nilikutana na jirani langoni, akaniambia aliisikia." Akamgeukia mama yake. "Sikukwambia, mama, ningekutia wasiwasi."

Fundi akaiweka pasi chini. Alikwenda akaketi karibu na mwanawe, wakabanana pale ukingoni, na kwa mara ya kwanza tangu mwizi alipoingia hakuna aliyemwambia mwenzake afunge vitu.

"Kaa hapa, mama," kijana akasema mwishoni. "Kaa. Ila niulizie yule mfugaji kama amebakiwa na mtoto mwingine."

"Jirani yako anaitwa nani?"

"Simjui."

"Mbwa utanunua baadaye," Fundi akasema. "Ukifika, nenda kamgongee umwombe chumvi."

"Lakini nyumbani chumvi ipo, mama."

"Najua ipo. Nenda kaombe."